Tupeane uzoefu: mliopandisha video na picha za familia mtandaoni ili ndugu wa mbali wazione, mlifanyaje?

Mleta mada, Mwanga, Kigoma

Wadau, habari za jioni. Jambo hili limenila miezi mitatu na naamini siko peke yangu.

Mzee wetu alitutoka akatuachia kanda za VHS. Kuna harusi ya dada mkubwa pale Ujiji, kuna akika ya mdogo wetu, kuna siku tuliyokwenda bandarini kumpokea shangazi kutoka Kirando, MV Liemba inafunga gati nyuma yake. Kanda zilikaa juu ya kabati miaka mingi, na nyingine zimeanza kuota ukungu kwenye utepe. Zilizokuwa nzima nilizipeleka kwa fundi Dar akazigeuza faili. Alinirudishia diski ya nje yenye saa 12 za video, GB 156. Ukiongeza picha za simu zetu zote, GB 24, jumla GB 180.

Dada zangu wako Dar na Mwanza, kaka yuko Bujumbura. Kila Idi wananiuliza swali moja: lini na sisi tutaona?

Nikasema napandisha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kipimo cha intaneti ya nyumbani kinanionyesha Mbps 2 (megabiti mbili kwa sekunde) za kupandisha, nami nikazisoma kama megabaiti mbili kwa sekunde. Siyo. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo Mbps 2 ni robo ya megabaiti kwa sekunde, yaani MB 900 kwa saa. GB 180 zinataka saa 200. Mimi natumia bando la usiku, saa sita mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Piga hesabu: zaidi ya usiku 33 bila umeme kukatika hata mara moja!

Na kukatika ulikatika. Faili moja la kanda ya saa nzima lina GB 13, linataka zaidi ya saa 14. Nilikuwa napandisha kupitia kivinjari, ambako ukikatika unaanza upya. Wiki nzima niliamka alfajiri nikakuta faili lilelile limeishia njiani. Nilipohamia kwenye programu inayoendelea pale ilipoishia, ndipo mambo yakaanza kwenda.

Lakini lililoniuma ni hili. Programu ile ilikuwa inasinki folda la kwenye laptopu, yaani inalifananisha na la mtandaoni muda wote. Laptopu ikajaa, nikafuta folda la harusi nikijua mtandaoni liko salama. Asubuhi dada akapiga: "Mbona harusi yangu siioni tena?" Programu ilikuwa imefanya kazi yake. Nimefuta huku, na kule ikafuta. Nililikuta kwenye pipa la taka la ile huduma, ambako vitu hukaa siku 30 tu. Mikono ilinitetemeka mpaka folda liliporudi. Nawaomba sana msichanganye kusinki na kuweka akiba. Akiba ni nakala ambayo ukifuta ile nyingine, yenyewe inabaki.

Nyie mmepitia njia gani?

Mdau wa Isevya, Tabora

Mwangaluka mkuu, pole na msiba wa mzee. Mimi ni mpiga video za harusi, haya ni maisha yangu ya kila siku.

GB 13 kwa saa ni muundo wa DV, wa video isiyobanwa sana, mafundi wengi wa kanda ndio wanaoutumia. Unafaa kwa kuhifadhi, kwa kutazama haufai. Chukua HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, geuza kila faili kuwa MP4 ya H.264, muundo uliobanwa zaidi, itakuja kama GB 1 kwa saa. Kanda ya VHS yenyewe haina picha kali sana, kwa hiyo kwenye simu ya dada yako tofauti haitaonekana. Chagua pia kurekebisha ile mistari inayokatakata mtu akitembea, kanda zote za zamani zinayo. Halafu faili za fundi usiziguse, ziache kwenye diski, na nunua diski ya pili ikae nyumba nyingine.

Mfikirie na mtazamaji. Bando ni lake. Nina wateja Sikonge wanaotaka kuona harusi ya mtoto wao kwa simu. Nikiwapa faili kubwa wanaangalia dakika kumi wanaacha, maana fedha imekwisha. Siku hizi natoa nakala mbili, ya wenye intaneti nzuri na nyepesi ya wenye bando dogo. Na majina ya faili anza na mwaka, la sivyo baada ya miaka mitano hata wewe hutajua kipi ni kipi.

Mdau wa Ujiji

Nimesoma hii na machozi, hiyo harusi huenda nilikuwepo.

Kwa wenye picha tu: wengi bado wanaamini Google Photos ni bure bila kikomo. Hilo liliisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa ni GB 15, na zinagawanywa na Gmail na Drive. Sisi kwetu kila mtoto ametengewa fungu lake la picha kwenye akaunti yake mwenyewe, halafu tunashirikishana albamu. Hatujalipa mpaka leo.

Mdau wa Cheyo, Tabora

Mimi nilikataa kupandisha. Nina kompyuta ya zamani sebuleni, nimeweka Jellyfin, programu ya kurusha video kutoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, ndugu wanatazama kutoka huko huko waliko.

Kikwazo cha kwanza: intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya mtandaoni ya peke yako, mnagawana wateja wengi, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kubisha hodi moja kwa moja. Nilitumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vya mbali kama vile viko mtandao mmoja, kila ndugu akaiweka kwenye simu yake, tukaonana. Cha pili ndicho kigumu. Faili la GB 1 kwa saa linataka kama Mbps 2.2 bila kupumzika. Kwa Mbps 2 zako mleta mada, hata mtazamaji mmoja atakwamakwama. Na umeme ukikatika kwako, wote wamekatika. Kwa hali yako, pandisha.

Mdau wa Ng'ambo, Tabora

Naongeza moja ambalo halijasemwa. Sisi tulipandisha video ya msiba wa mama, tukaweka kiungo ambacho yeyote mwenye nacho anafungua. Kikatoka kwenye kundi la familia kikaenda kundi la mtaa. Nilionyeshwa na mtu nisiyemjua, dukani, mwili wa mama yangu ukitolewa ndani. Sitasahau. Shirikisheni kwa barua pepe ya mtu mmoja mmoja, hata kama wazee mtawasaidia kufungua akaunti. Na za msiba ziwe folda lake, lisiwe pamoja na harusi.

Mleta mada, Mwanga, Kigoma

Dada wa Ng'ambo, pole sana. Nimefunga viungo vyote usiku huohuo, sasa nashirikisha kwa akaunti.

Mrejesho: ndugu wa Isevya, Mungu akubariki. GB 156 zimekuwa 14. Pamoja na picha ni GB 38, saa 42 hivi. Umeme ulinirudisha nyuma kidogo, nimemaliza usiku wa tisa. Diski ya pili iko kwa binamu Gungu.

Jana dada wa Mwanza alifungua ile ya bandarini. Alinipigia akiwa haongei, ananisikilizisha tu simu yake. Wakati wa kupiga video mzee alikuwa nyuma ya kamera, kwa hiyo haonekani mahali popote, ila sauti yake ipo: "Sogeeni huku, jua liko nyuma yenu." Sisi tuliokuwa na kanda nyumbani miaka yote hatukuwahi kuikumbuka sauti hiyo.

Zimebaki kanda tatu zenye ukungu. Fundi wa Dar alizikataa, alisema zitachafua kichwa cha deki yake. Kuna anayemjua mtu wa kusafisha utepe, Kigoma, Tabora au hata Mwanza? Moja imeandikwa kwa mkono wa mzee, "Bibi, Kibirizi", na hatujawahi kuiona.