Kuandika maisha ya babu seremala aliyekuwa Keya: tuanzie wapi?

Mjukuu_Kaloleni
Salaam jukwaani. Ukoo unataka kijitabu cha maisha ya marehemu babu, seremala wa hapa Kaloleni, aliyekuwa jeshini vita vya 1939–1945 (Keya ni jina walilopewa askari wa KAR, King's African Rifles). Vilivyobaki ni nyota mbili, medali moja ya fedha, cheti cha kuachishwa jeshi, kipande (kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni), randa na patasi. Medali hazina jina. Kwenye kanzidata ya makaburi ya Jumuiya ya Madola hayumo pia. Ina maana hakwenda vitani? Na tuzisugue kabla ya kupiga picha?

Utepe_na_Nyota
Msisugue. Dawa ya kung'arishia shaba hula maandishi; kitambaa kikavu kinatosha. Nyota na medali hizo zilitolewa bila jina. Za vita vya kwanza ndizo kwa kawaida huwa na namba na jina.

Someni maandishi ya duara katikati ya nyota. Msiamini utepe, maana hubadilishwa ukichakaa. Nyota ya Afrika kwa askari wa huku kwa kawaida ni Ethiopia au Somalia, kabla ya mji wa Gondar, Ethiopia, kuanguka Novemba 1941. Ya Burma kwa wengi ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw hadi Kalewa, mto Chindwin, mwaka 1944. Madagascar 1942 haina nyota yake. Inaingia katika ile ya 1939–1945. Na hiyo "fedha", ikiwa ina simba juu ya joka lenye vichwa viwili, ni shaba na nikeli tu. Sonara asiwadanganye.

Majalada
Kanzidata hiyo ni ya waliokufa vitani. Aliyerudi kula uzee wake hayumo, kwa hivyo kumkosa ni habari njema.

Kazi ianze na cheti. Msikilaminishe, na msibandike selotepu kwenye mikunjo: gundi yake hugeuka njano na kuharibu wino. Kifungueni polepole mezani, mpige picha pande zote mbili mwanga wa dirisha ukitoka ubavuni, ndipo penseli iliyofifia na mihuri huonekana. Namba ya jeshi nakilini pamoja na herufi zinazoitangulia. Kisha kikosi. Nyumbani kila aliyevaa magwanda huitwa Keya, lakini mafundi wengi walikuwa kwa Wahandisi wa Afrika Mashariki, na mkikosea hapo mtapekua majalada ya watu wengine.

Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ombeni ripoti za mwaka za wilaya yake ya kuzaliwa, kuanzia 1945. Jina litafuteni kwa tahajia zote. Shajara za vikosi ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London: fungu la WO 169 kwa Afrika Mashariki, WO 172 kwa Burma. Tafuteni kwa jina la kikosi. Askari wa kawaida hatajwi mle ila kwa bahati.

Fundi_Randa
Mnasahau kipande! Waajiri waliandika humo tarehe ya kuajiri, ya kuachisha na mshahara. Kwa maisha ya fundi, hiyo ni mali kuliko medali. Mfumo ule ulibadilishwa 1947, kwa hivyo baada ya hapo tegemeeni risiti na watu aliowatengenezea vitanda na milango.

Patasi msizipige msasa. Wekeni karatasi nyembamba juu ya chuma karibu na mpini, mkwaruze kwa penseli iliyolazwa. Chapa ya mshale mpana, mara nyingi pamoja na mwaka, ni mali ya jeshi la Uingereza.

Mjukuu_Kaloleni
Asanteni sana. Patasi moja imetoa mishale miwili, ncha kwa ncha. Tuandike aliileta kutoka Burma?

Fundi_Randa
La. Mishale ikikutana ncha ni alama kwamba jeshi limeitoa na kuiuza. Pengine aliinunua mnadani baada ya vita, pengine alipewa na fundi mwingine. Andikeni "patasi ya jeshi iliyouzwa", na mwaka kama unasomeka.