Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha mionzi niliyopata kazini miaka yote hii?

MamaXray: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga picha za X-ray hospitali ya wilaya. Kwetu beji za mionzi (vile vipimo vidogo tunavyovaa kurekodi dozi) zinakaa kwenye droo ya ofisi, zinachelewa kupelekwa kusomwa, majibu hatuyaoni. Watoto wasiotulia nawashika mwenyewe wakati wa picha. Sasa nina mimba changa na nina hofu. Mkuu wa kitengo anasema nipime FBP (hesabu kamili ya chembe za damu), chembe nyeupe zikiwa sawa niko salama. Mwingine kaniambia kuna kipimo cha kromosomu. Kipi cha kuamini?

Hadubini: Dada, hongera kwa ujauzito, na pole kwa hofu. Nimefanya kazi kwenye maabara ya kuhesabu kromosomu, kwa hiyo nakujibu ninachokijua.

FBP haikujibu. Chembe nyeupe hushuka mtu akipigwa dozi kubwa kwa mkupuo, kama nusu Gray hivi (mGy 500; Gray ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwenda juu. Kazi ya X-ray ya kawaida haifiki huko hata kidogo. Zikishuka kwako, tafuta kwanza maambukizi au dawa unazotumia.

Cha kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe, ni kipimo cha kweli. Tunachukua damu, tunaziamsha limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) kwa dawa, zinakaa saa 48 kwenye joto la nyuzi 37, tunazisimamisha zikiwa zinagawanyika, tunazipaka rangi ya Giemsa. Kromosomu nzima ina kiuno kimoja, yaani sehemu iliyobana. Mionzi ikikata mbili na vipande vikaungana vibaya, unaona moja ndefu yenye viuno viwili, na kando yake kipande kisicho na kiuno. Ukikiona kwenye hadubini hukisahau.

Shida ni kwamba hata asiyewahi kufanya kazi ya mionzi anazo hizo za viuno viwili, kama 1 katika chembe 1,000. Ndiyo maana chini ya takriban mGy 100 kipimo hiki hakitofautishi mtu mmoja na mwingine. Tena chembe zenye kromosomu hizo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Kromosomu zilizobadilishana vipande hudumu zaidi, lakini umri na sigara navyo huziongeza. Alama ya gama-H2AX, inayoonyesha DNA iliyokatika, hupanda ndani ya saa moja na kwa sehemu kubwa huwa imefutika kesho yake.

Kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni wastani wa mSv 20 kwa mwaka (kwa X-ray, mSv 1 ni kama mGy 1). Uwe umepata mSv 2 au 40 kwa jumla, damu yako itatoka "safi" vilevile, na mkuu wako ataitumia kukunyamazisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwale_Kusini: Mkuu, mimi natoka karibu na kilima cha Mrima, Kwale, Kenya, udongo wetu una thoriamu, madini yenye mionzi. Kwa hiyo hata sisi damu haitasema kitu?

Hadubini: Kwa mtu mmoja mmoja, hapana. Kwa kundi, inawezekana. Yangjiang kule China mionzi ya ardhini ni mingi, na walipohesabu kromosomu zenye viuno viwili waliona kwamba kwa wakazi wa hapo huongezeka na umri. Wanalinganisha kijiji na kijiji, si wewe na jirani yako.

MamaXray, nikurudie. Utafiti wa INWORKS ulifuatilia wafanyakazi wa nyuklia zaidi ya 300,000 wa Ufaransa, Uingereza na Marekani, ukaona vifo vya saratani vikiongezeka kadiri dozi inavyopanda, hata kwenye dozi ndogo. Walitegemea kumbukumbu za beji, si damu. Beji yako iliyoko kwenye droo ina thamani kuliko kipimo chochote nitakachokufanyia mimi.

MamaXray: Sasa nianzie wapi? Ninaogopa kuonekana msumbufu.

Fundi_Mstaafu: Mwanangu, andika barua leo utoe taarifa ya mimba, ubaki na nakala. Ukishatoa taarifa, mtoto aliye tumboni hatakiwi kuzidi mSv 1 kwa muda wote uliobaki. Vaa beji usawa wa tumbo, ndani ya aproni ya kukinga mionzi. Omba kwa maandishi rekodi ya dozi zako zote. Arusha, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ndiko beji zinakosomwa. Na kushika watoto acha kabisa. Ashike mzazi asiye na mimba, avae aproni, wewe ukae nyuma ya kizuizi.

MamaXray: Asante baba, asante Hadubini. Barua naiandika usiku huu. Rekodi ikitoka naiweka hapa mnisaidie kuisoma.