Tupeane uzoefu: ndugu mlevi anayeyumba hata siku asiyokunywa

Mtoto wa Kibirizi: Asubuhi hii mwaloni nimemwona mzee katanua miguu anatembea kama yuko ndani ya mtumbwi, na harufu ya gongo hana. Nimemkumbuka baba mdogo. Mliopitia tupeni.

Binti Ujiji: Kaka yangu. Gongo miaka kumi na moja, chakula matonge mawili ya ugali wa muhogo, basi. Ilianza miguu: usiku inawaka moto, mchana ina ganzi, kandambili zinamvuka na hajui. Tukasema karogwa. Kisha akatapika siku nne, macho yakawa yanachezacheza, mtu mmoja anamwona wawili, asubuhi anaiita jioni. Zahanati wakamtundikia dripu ya sukari kwa kuwa hajala. Usiku ule akazidi! Hospitali ndiyo daktari akatueleza: kaishiwa vitamini B1, thiamini, na bila hiyo ubongo hauwezi kuitumia sukari, ilitakiwa sindano ya B1 itangulie. Wakamchoma ya mshipa. Macho yalitulia, kumbukumbu haikurudi. Ukimuuliza jana alikuwa wapi, atakwambia Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kuuza dagaa, na bei anakutajia. Hajavuka ziwa tangu 2019. Na hadanganyi, anaamini kabisa.

Mnyamwezi Isevya: Ya Kalemie nimecheka, halafu nikajisikia vibaya. Pole dada.

Jembe la Mwanga: Hiyo ni gongo yenu. Tabora wazee wanakunywa wanzuki, pombe ya asali, na hawadondoki.

Mnyamwezi Isevya: Nani kakwambia? Babu yangu wanzuki ilimmaliza miguu. Usituseme usiotujua.

Jembe la Mwanga: Basi yaishe. Mfungieni ndani wiki moja, ataacha tu.

Nesi mstaafu: Ole wenu! Mlevi wa miaka akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa akafa. Mpelekeni hospitali. Na vidonge peke yake msivitegemee, tumbo la mlevi halivinyonyi vizuri. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu.

Mama Dona: Maharage, karanga, dona. Sembe nyeupe acheni.

Jembe la Mwanga: Mama Dona kila ugonjwa dona 😂

Mtoto wa Kibirizi: Binti Ujiji, hiyo bei ya dagaa ni ya sasa?

Binti Ujiji: Ya zamani mno. Ningekuagizia gunia.