Majirani wa Mfereji wa Juu

*Jumapili jioni*

Mama Glory: Bwana Yesu asifiwe majirani. Bwana shamba amenipigia. Anataka atufundishe kabla masika haijaanza, palepale shambani kwangu. Mahindi pamoja na malisho ya ng'ombe. Jumamosi saa 3 asubuhi. Nani atakuwepo?

Mama Neema: Jumamosi! Na soko la Tengeru je? Nani atauza ndizi zangu, bwana shamba?

Godi: Hata mimi Jumamosi nabeba mikungu yenu toka alfajiri 😂

Bwana Shamba: Habari za jioni ndugu zangu. Soko lilinipita, mnisamehe. Basi Ijumaa, saa ileile. Daftari si lazima. Jembe ni lazima.

Babu Elia: Mimi wingu likikaa shingoni mwa Mlima Meru siku tatu napanda. Sisubiri darasa la mtu.

Bwana Shamba: Shikamoo babu. Na mwaka jana lilipokaa?

Babu Elia: Marahaba. Nilipanda, jua likawaka wiki mbili, nikarudia shamba zima. Usinikumbushe.

Bwana Shamba: 😄 Ndiyo maana nasema tuangalie na utabiri wa TMA, watu wa hali ya hewa, wa Machi hadi Mei. Wingu uliangalie, lakini chimba pia. Udongo ukiwa na unyevu wa kutosha chini, siyo vumbi lililolowa juu tu, hapo panda.

Mama Neema: Na mbegu utatuambia? Mwaka jana nilinunua za kupimiwa kwenye kopo, muuzaji anaapa ni za kisasa. Zimeota mapengo kama meno ya babu Elia.

Babu Elia: Meno yangu yamekukosea nini mama?

Mama Neema: Nisamehe babu, nimesahau upo humu 🙈

Bwana Shamba: Mbegu ya kopo haina mwenyewe. Nunua pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, wale wanaothibitisha ubora wa mbegu, utunze na risiti. Isipoota una pa kuanzia kulalamika. Maharage hapa jirani kituo cha utafiti wa kilimo TARI Selian wametoa aina nyingi, kuna Selian 97 wengi mnaijua kwa rangi. Na mkikwama usiku na mimi nimelala, piga *152*00# utafute menyu ya kilimo.

Mama Glory: Na majarida ya Mkulima Mbunifu ninayo, vikundi tulipewa bure. Yalikuwa mengi zaidi, ila kuna mtu anafungia maandazi. Namjua.

Godi: Shangazi mimi nilisoma kwanza ndiyo nikafungia

*Jumatatu*

Bwana Shamba: Nieleze kidogo ya Ijumaa ili msije mkashangaa. Inaitwa vuta sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi tunaweka desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde. Kuzunguka shamba lote tunaweka matete (majani ya tembo), mistari mitatu, mita moja kutoka kwenye mahindi. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo anayetaga mayai ya funza wa mabua, matete yanamwita nje akatage huko. Viwavijeshi vamizi navyo vinapungua. Halafu desmodiamu na matete vyote ni chakula cha ng'ombe.

Baba Joshua: Hiyo ya mwisho ndiyo imenigusa. Mwezi huu nimenunua mabua ya Fuso mara mbili, na ng'ombe bado anakula migomba. Maziwa yameshuka, kopo la asubuhi halijai.

Mama Neema: Mwalimu, katikati ya mistari ndipo maharage yangu yanapokaa. Watoto wale desmodiamu?

Bwana Shamba: Swali zuri mama. Maharage yanahamia kwenye mstari wenyewe, kati ya shina na shina la mhindi. Au shimo moja na mhindi.

Mama Neema: Yatapungua.

Bwana Shamba: Yatapungua kidogo, siwezi kukudanganya. Anza na kipande kidogo, ulinganishe mwenyewe.

Babu Elia: Mbegu yake bei gani?

Bwana Shamba: Ni ghali babu, na ni ndogo sana. Unaichanganya na mchanga mkavu ndipo unaimwaga kwenye mfereji mdogo, vinginevyo kiganja kimoja kinaishia mita mbili. Msimu wa kwanza inakua polepole, lazima uipalilie kwa mkono, wengi hukata tamaa hapo. Ikishika inakaa miaka. Na ukikata vipande vya matawi yake vinaota, kwa hiyo mmoja akifanikiwa mtaa mzima una mbegu.

Mama Glory: Basi mbegu tuchange, ipandwe kwangu, mwakani mje na mapanga.

Godi: Mama Glory ameshatushinda kabla ya darasa

*Jumanne, saa 12 asubuhi*

Baba Joshua: Jamani mtamba wangu mdogo, wa miezi mitano, tangu jana hali. Masikio yameanguka. Chini ya sikio kuna uvimbe kama yai.

Baba Joshua: [picha]

Godi: Kuna sauti imetumwa kwenye kikundi kingine wanasema umpe mafuta ya taa na

Mama Glory: Godi FUTA hiyo.

*Ujumbe huu umefutwa*

Babu Elia: Hiyo ni mitoki. Sisi tulikuwa tunachoma kwa chuma cha moto.

Happy: Shikamoo babu, shikamooni wote. Msichome tafadhali. Baba Joshua, anakohoa? Ana machozi? Kupe wapo masikioni?

Baba Joshua: Marahaba mwanangu. Anakohoa kidogo. Kupe wapo, wale wa kahawia. Nilipulizia dawa Krismasi.

Happy: Krismasi ni mbali baba. Hiyo inafanana sana na ndigana kali. Mpigie daktari wa mifugo SASA, usisubiri jioni. Dawa yake ni sindano ya buparvakwoni, inafanya kazi vizuri ikiwahi. Akishaanza kupumua kwa shida na povu puani utakuwa unatupa hela. Mwambie aje na kipimajoto.

Mama Glory: Huyu ni Happy wangu, yupo LITA, chuo cha mifugo pale Tengeru, mwaka wa pili afya ya mifugo. Mnasafiri kutafuta wataalamu na chuo tunakiona kutoka barabarani.

Baba Joshua: Daktari yupo njiani. Asante mama.

*Saa 4*

Baba Joshua: Joto 41. Amechomwa sindano. Amesema tumwangalie siku mbili, huenda akarudia. Elfu nyingi zimeondoka lakini basi.

Mama Neema: Pole sana jirani.

Happy: Pole baba. Majirani, nimeongea na mtaalamu wa chanjo ya ndigana. Ile inayochomwa mara moja karibu na sikio pamoja na sindano ya dawa, mnyama anapata kinga ya muda mrefu sana. Yupo tayari kuja Ijumaa baada ya darasa. Tatizo ni moja. Inakaa kwenye mtungi wa baridi kali, na mrija wake ukishayeyushwa unatakiwa uishe ndani ya saa chache. Huo alio nao ni wa ng'ombe 40. Hawezi kufungua kwa ng'ombe sita.

Mama Glory: Kwa hiyo tuhesabiane. Mimi 2.

Mama Neema: 1, na ndama.

Happy: Ndama ana umri gani mama? Chini ya mwezi mmoja hapana. Na mgonjwa hachanjwi, kwa hiyo yule wa Baba Joshua asubiri. Wenye mimba kubwa tuulize kwanza.

Baba Joshua: Mimi 2 waliobaki.

Babu Elia: Ng'ombe wangu ni wa kienyeji. Sijawahi kuona wakiugua hiyo.

Happy: Na yule wa maziwa uliyemnunua Usa River babu?

Babu Elia: Huyo yupo.

Babu Elia: Andika 1.

Mama Neema: Na maziwa baada ya sindano, tunakunywa?

Happy: Hapana mama, ile dawa inaingia kwenye maziwa. Siku za kuacha mtaalamu atawaandikia. Sokoni yasiende, watoto wasinywe, hata ya mgando hapana.

Godi: Wiki bila loshoro ya mtindi 😭

*Alhamisi usiku*

Mama Glory: Hesabu: sisi 19. Nimeongea na mwenyekiti wa Mfereji wa Chini, wana 14. Jumla 33.

Happy: Mtaalamu anasema 35 atafungua, chini ya hapo hapana.

Babu Elia: Niandikie na wale wa kienyeji wawili.

Mama Glory: Hao hawaugui babu 😄

Babu Elia: Wasindikize mwenzao.

Baba Joshua: Wangu leo amekula majani mwenyewe. Mitoki bado ipo lakini joto limeshuka, 39.

Mama Neema: Sifa kwa Mungu!

Bwana Shamba: Kesho basi: darasa saa 3, chanjo saa 6. Kila mtu na kamba yake, na kila ng'ombe na mtu wa kumshika. Babu, wa kienyeji funga kwenye mti mapema, wana mateke.

Babu Elia: Sijui walifundishwa na nani.