Kijana anataka upadre, baba yake hataki kusikia

Habari zenu ndugu, naomba ushauri. Mwanangu wa pekee wa kiume kamaliza kidato cha sita, anataka kwenda seminari kuu. Labda nimechangia: rozari kila jioni, na alipokuwa mtumishi wa altare kanzu yake naipiga pasi mwenyewe Jumamosi usiku. Sasa baba yake, Mchaga wa Kibosho, kanuna wiki ya pili. Kauli yake ni moja tu: "Kihamba atakirithi nani?", yaani shamba la ukoo. Falsafa na teolojia si chini ya miaka 6, lakini mzee anahesabu wajukuu. Barua ya paroko ninayo, nimeificha kabatini chini ya vitenge. Nimsubiri mzee alainike, au kijana atangulie? Mliopitia haya mlifanyaje?