Naomba ushauri: tawasifu za Kiswahili kwa kikundi chetu cha kusoma, Mbeya

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, shikamooni mnaostahili.

Tuna kikundi kidogo cha kusoma hapa Uyole: walimu, mama wa duka la pembejeo, vijana wa chuo, na mzee mmoja mstaafu ambaye ndiye msomaji wetu hodari kuliko wote. Tunapenda vitabu vya maisha halisi, siyo riwaya.

Tulisoma tawasifu ya Mzee Mwinyi, "Mzee Rukhsa", iliyotoka 2021, ikatunogea mno. Akina mama walibishana mpaka giza likaingia kuhusu miaka ya uhaba wa sukari na sabuni. Tukahamia ya Mzee Mkapa ya 2019, ila nakala tuliyopata ni ya Kiingereza. Nusu ya wanakikundi wakawa wasikilizaji tu, na hilo linaniumiza, kwa sababu wao ndio wenye mengi ya kusema.

Nimeulizia kwa wauza vitabu wa Mwanjelwa na mjini. Vilivyojaa ni vya kiada na vile vya kukufundisha utajiri. Hivyo hatuvitaki.

Naombeni mnisaidie mawili. Kwanza, ni tawasifu gani mpya za Kiswahili za watu wasio viongozi, yaani wauguzi, wakulima, madereva, hasa wanawake? Pili, kuna duka la Dar au Iringa linalotuma vitabu kwa basi hadi Mbeya, na mzigo huwa unafika salama?

Nitashukuru sana kwa aliyekwisha kukisoma kitabu anachokitaja.