Dume mnyonge akipanda cheo, homoni zipimwe lini?

Swali: Tangi lina samaki aina ya burtoni wa Ziwa Tanganyika, madume 4 na majike 8. Nikimtoa mbabe (dume anayetawala), nitoe damu ya mrithi baada ya muda gani? Na mbona kortisoli, homoni ya mfadhaiko, inasoma juu kwa kila samaki?

Jibu 1: Mtoe mbabe gizani, kabla taa hazijawaka. Ukimchota mchana, wavu unawatisha wote na utakuwa unapima hofu tu. Taa zikiwaka na mnyonge akaona himaya haina mwenyewe, ndani ya dakika chache mstari mweusi wa jichoni unatokea, rangi inakoza, anaanza kufukuza wenzake. Dakika ya 30 toa damu: 11-ketotestosteroni, androjeni (homoni ya kiume) kuu ya samaki, imeshapanda. Korodani hazina haraka hiyo, zinataka siku kadhaa kukua.

Jibu 2: Kortisoli yako ni ya wavu. Tangu wavu uguse maji hadi damu iingie kwenye sindano yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), isizidi dakika 3. Au mweke samaki kwenye bika la maji safi kwa saa 1, kisha pima maji hayo. Homoni hutoka kupitia matamvua na mkojo. Pima pia maji yasiyo na samaki, ya kulinganisha. Ila njia hii haionyeshi badiliko la dakika chache.

Jibu 3: Umeegemeza nusu chungu sakafuni mwa tangi kama maskani? Bila maskani hakuna himaya, na bila himaya hakuna mbabe. Vyungu vikiwa viwili, jirani mbabe atanyakua nafasi, mnyonge abaki mnyonge.